Aibu Ndiyo Mtaji Wao

Maneno haya juu ya matapeli wa simu niliyasema kwenye mahafali ya kidato cha nne, katika shule moja ya sekondari wilayani Muheza, mkoani Tanga. Baadhi ya wazazi waliniomba niyaandike ili wakawasomee waliobaki nyumbani. Nimeyaacha kama yalivyotoka, ila pale nilipokuwa najirudia nimepunguza.

Mkuu wa Shule, walimu, wajumbe wa bodi, wazazi wenzangu, na nyinyi wanangu mnaohitimu. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na wale ambao sijawafikia, habari za mchana.

Nimepewa dakika ishirini, na baada yangu inakatwa keki, kisha pilau. Harufu imeshafika hapa mbele. Najua nashindana na sufuria, kwa hiyo sitazunguka.

Wengi mnanijua kwa jina la Mama Salio. Miaka kumi na moja nilikuwa wakala wa miamala ya simu pale stendi, kwenye kile kibanda chenye rangi tatu, kila mtandao na rangi yake. Nilikiacha miaka minne iliyopita. Siku hizi nauza chaja na makava, na Jumamosi nafundisha kinamama wa vikoba kutumia simu. Sina digrii ya kompyuta. Mkuu wa Shule aliponifuata nilimwambia atafute mtu wa chuo. Akanijibu, "Wa chuo atawaeleza intaneti ni nini. Mimi nataka mtu aliyewaona watu wakilia dirishani." Basi nimesimama hapa kwa cheo hicho.

Wanangu, shuleni hapa simu hairuhusiwi. Msicheke. Najua waliokuwa wanazificha kwenye magodoro, kwa sababu mlikuwa mnakuja kuzichaji kwangu. Sasa mtihani wenu ni Novemba. Matokeo yatatoka Januari. Kidato cha tano kinaanza Julai. Miezi yote hiyo mtakuwa nyumbani, na zawadi ya kwanza ambayo wengi wenu mtapewa kwa kumaliza shule ni simu janja. Nawauliza wazazi: tumemkataza mtoto miaka minne, halafu kwa siku moja tunamkabidhi chombo kizima pamoja na bando la wiki, bila neno hata moja. Watu wa Korogwe wanaoishi kando ya Mto Pangani hawafanyi hivyo na mto wao. Mtoto wa pale, kabla hajatumwa maji, anaonyeshwa mamba hukaa upande gani.

Mtaniambia vijana wanaijua simu kuliko sisi. Kweli. Mwanangu wa mwisho ndiye aliyenifundisha kupunguza mwanga wa skrini. Lakini kwa miaka kumi na moja dirishani, sikuwahi kuona mtu aliyepoteza hela kwa sababu hajui kubonyeza. Walibonyeza vizuri kabisa. Namba waliipatia, kiasi walikipatia, namba ya siri waliipatia. Kilichowaponza ni kwamba walibonyeza kabla hawajasita. Na walipogundua, walinyamaza. Nataka tuzungumze zaidi juu ya huko kunyamaza, maana habari za kuwa makini mmeshazisikia redioni.

Tuanze na ujumbe ambao kila mtu hapa ameupokea. "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja la fulani." Hauna salamu, hauna kiasi, hausemi hela ipi. Unaweza kujiuliza mjinga gani anautumia hela. Lakini itazameni nchi yenu. Nani hapa hadaiwi? Kodi ya chumba, mchango wa harusi, marejesho ya kikoba, ada, fundi aliyeweka bati nusu akaondoka. Tapeli hana haja ya kujua unadaiwa na nani. Anaurusha ujumbe kwa watu elfu moja, na ndani ya elfu hao yupo mmoja ambaye asubuhi ileile mwenye nyumba amemwambia, "Nitakutumia namba." Huyo anaimalizia hadithi mwenyewe. Nilimuona mwalimu mmoja, siyo wa hapa, akituma kodi ya miezi mitatu kwa staili hiyo. Mwalimu wa hesabu.

Wazazi wa bweni mna wa kwenu. Simu inaita, sauti ina haraka, nyuma kuna makelele: "Mimi ni mwalimu wa zamu, mwanao ameanguka, tuko hospitali, daktari anataka elfu sabini sasa hivi." Mzazi gani atauliza maswali? Na tapeli anajua hutauliza. Hapo dawa ni moja, nayo ni ngumu kwa sababu inaenda kinyume na moyo wa mzazi: kata simu. Kata, kisha mpigie mwalimu kwa namba iliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga na shule. Kama mwanao kweli yuko hospitali, dakika mbili hizo hazitamuua. Na siku hizi kompyuta inaweza kuiga sauti ya mtu, hivyo hata ukisikia "mama, nisaidie" kwa sauti ya mwanao, bado kata, bado piga. Nyumbani kwangu tuna neno letu la siri, jina la mbuzi aliyekufa zamani. Asiyelijua siyo wa kwangu.

Vijana, wa kwenu unakuja kupitia WhatsApp. Rafiki yako anakuandikia, "Samahani, kuna tarakimu sita zimekuja kwenye simu yako kwa bahati mbaya, naomba unitumie." Rafiki ni rafiki, unatuma. Zile tarakimu sita ni ufunguo wa akaunti yako. WhatsApp ikiwekwa kwenye simu nyingine kwa namba yako, huzituma kwanza zifike kwako ili ithibitishe kwamba ni wewe. Ukizitoa, umemfungulia mlango. Na yule rafiki aliyekuomba siye. Yeye aliibiwa nusu saa kabla yako kwa njia hiyohiyo, na sasa wewe utatumika kuwaomba hela shangazi zako. Ndani ya WhatsApp, kwenye mipangilio ya akaunti, kuna sehemu ya kuweka namba yako ya siri ya ziada. Anayezitaka zile sita atatakiwa kuwa na hiyo pia. Iwekeni leo mkifika nyumbani, ni kazi ya dakika moja.

Na mtu yeyote akikupigia akasema yeye ni huduma kwa wateja, tazama namba. Mitandao yetu hapa Tanzania inapiga kwa 100. Haipigi kwa namba ya mtu, na haikuulizi namba ya siri hata kwa heshima gani.

Sasa nieleze yangu.

Kuna kampeni inaitwa Sitapeliki. Ni neno zuri, linaimbika. Lakini mimi siwezi kulisema, kwa sababu nimetapeliwa, tena nikiwa wakala, nikiwa nimekaa ndani ya kibanda kilichobandikwa tangazo la kuonya juu ya matapeli. Ilikuwa jioni, mabasi ya Dar yanapita, foleni imejaa. Wakaja watu watatu kama hawajuani. Mmoja anataka kutoa 200,000. Wa pili ananiuliza vocha. Wa tatu anagombana na mpiga debe pembeni, mimi nageuka kutazama. Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu ya kazi: umepokea 200,000, na maandishi mengine yote kama kawaida. Nikahesabu noti, nikampa. Usiku kwenye mahesabu, floti, yaani salio la kazi la wakala, haikuongezeka hata senti. Nikaufungua ule ujumbe tena. Maneno yote yalikuwa ya mtandao, lakini haukutumwa na mtandao. Ulitumwa na namba ya mtu. Aliuandika mwenyewe, akaurusha akiwa amesimama mbele yangu. Kanuni ya wakala ni kutazama salio, usitazame ujumbe. Niliwafundisha watu wengi kanuni hiyo.

Sikumwambia mume wangu. Mnisikilize vizuri hapa. Sikumwambia, kwa sababu nilikuwa nimeshamcheka yeye mara mbili kwa kutapeliwa. Nikaenda kukopa kikobani kuziba floti. Marejesho ya kikoba yalipobana, nikachukua mkopo wa kausha damu kulipa kikoba. Mpaka namaliza, zile 200,000 zilikuwa zimefika 340,000. Kwa hesabu yangu mimi, tapeli alichukua laki mbili. Ile laki na arobaini iliyobaki ilichukuliwa na aibu yangu.

Na haikuishia hapo. Wiki moja baadaye, wakala wa upande wa pili wa barabara naye akalizwa na wale watatu, kwa mchezo uleule, vocha na mpiga debe. Alipokuja kunisimulia analia, ndipo nikafungua mdomo. Na wa tatu, yule wa karibu na soko, akasikia, akasema taratibu: "Hata mimi. Kabla yako." Mawakala watatu wa stendi moja, umbali wa kurusha jiwe. Kama wa kwanza angepiga kelele, sisi wawili tungepona. Wale vijana hawakuwa na akili kubwa. Walikuwa na uhakika kwamba sisi tutanyamaza, na tuliwanyamazia.

Tangu hapo nikaanza kuiona aibu kila mahali, kama mtu aliyenunua pikipiki nyekundu anavyoanza kuona pikipiki nyekundu barabara nzima.

Chukueni mikopo ya kwenye simu. Unapakua programu, hakuna dhamana, hakuna mdhamini, elfu hamsini inaingia kabla chai haijapoa. Watu husema ni mkopo usio na dhamana. Upo wenye dhamana kubwa sana. Wakati unaiweka ile programu, ilikuomba ruhusa ya kuona majina yote kwenye simu yako, ukabonyeza "ruhusu". Ukichelewa siku mbili, mkwe wako anapata ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Anapata mwajiri wako. Anapata mchungaji, anapata ustadhi. Hawakushika shamba lako wala cherehani yako, wameshika uso wako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila leseni. Ukikopa kwenye simu, kwanza uliza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, kisha tazama programu inaomba ruhusa gani. Mkopeshaji halali hana shughuli na namba ya mkwe wako. Na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo ina tume yake. Hata majina yaliyomo kwenye simu yako siyo mali ya kuchukuliwa na yeyote anayetaka.

Au upatu. Wazazi wa rika langu, DECI mnaikumbuka? Mwaka 2009. Tulikuwa tunaambiwa tunapanda mbegu, tutavuna. Kulikuwa na foleni, daftari na kalamu, hapakuwa na programu yoyote. Mwaka 2025 ikaja LBL, watu wanalipia kujiunga ili walipwe kwa kutazama vipande vya filamu kwenye simu, mpaka polisi walipoanza kukamata watu mikoani. Ni shamba lilelile, jembe limebadilika. Nilipowauliza vijana walioliwa kwa nini hawakwenda kutoa taarifa, hakuna aliyeniambia ni kwa sababu ya hela. Walisema, "Nilimuingiza shangazi." "Nilimuingiza bosi wangu." Upatu hukulipa kwa kuleta watu, na kila uliyemleta anakuwa kufuli mdomoni mwako. Kwa hiyo wakikuambia utalipwa zaidi ukileta wenzako, umeshajua kila kitu unachohitaji kujua.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nikubali kuja. Mkuu wa Shule nilishamuomba ruhusa. Walimu walio na watoto wadogo nyuma pale, mnaweza kuwapeleka wakatazame keki.

Miaka kadhaa iliyopita, sisemi mwaka wala shule, alikuwa anakuja binti dirishani kwangu. Sare, sweta hata wakati wa jua. Anamuwekea mtu hela, kwa namba iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Elfu kumi. Baada ya siku nne, elfu kumi na tano. Namba ileile, na jina linalotokea kwenye simu yangu ni lilelile, la mwanamke. Mimi nikadhani ni mama yake au dada yake. Mara ya sita akaja na elfu thelathini, zote sarafu na noti za mia tano mia tano, zimekunjwa kama zimetoka kwenye kibubu. Ndipo nikamuuliza, "Mwanangu, huyu ni nani?" Akasema, "Nadaiwa."

Kila alipoweka hela, mtandao ulinilipa kamisheni. Mara tano nilichukua kamisheni yangu bila kumtazama usoni. Hilo huwa nalitaja kila mahali ninapoisimulia habari hii, na sitaacha.

Alikuwa amejuana na mtu Facebook. Mtu huyo alijifanya mwanafunzi mwenzake wa mkoa mwingine, wakaongea miezi miwili, masomo, mpira, mambo ya nyumbani. Mwisho akaomba picha. Akapewa. Siku ya pili yule mwanafunzi mpole akabadilika: tuma hela, au picha naiweka kwenye grupu la shule yenu. Nyinyi vijana mnajua picha za aina hiyo mnaziitaje. Mnaziita konekisheni, na mtu akisikia imetoka, anaandika kwenye grupu, "Leta konekisheni." Naomba siku moja usimame ukajiulize unaomba nini. Tapeli yule hakuwa na silaha yoyote mkononi. Silaha yake ilikuwa nyinyi. Aliuza woga wa binti yule kwenu, akiwa na hakika kwamba picha ikitua kwenye grupu itasambazwa na watu mia na hakuna hata mmoja atakayeifuta. Angekuwa na wasiwasi kwamba mtaifuta, asingekuwa na biashara. Kusambaza picha za ngono mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na sheria haiulizi kama wewe ulikuwa wa kwanza au wa mia.

Nilimpeleka kwa mama yake. Nilitangulia mimi kuingia, nikamueleza. Yule mama ni mtu mwema, namheshimu mpaka leo. Lakini swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani mwingine anajua?" Hakuuliza mtoto yuko wapi. Hakuuliza amekula. Na mimi simlaumu, kwa sababu ningekuwa mimi, nadhani ningeuliza hivyohivyo. Nawaambia tu kwamba binti alikuwa amesimama mlangoni, alilisikia.

Tukaenda wote watatu kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Pale nilijifunza mambo ambayo nayarudia kwa kila mtu. Askari alituambia asitume tena hata shilingi, maana aliyelipa mara moja huongezewa bei. Na kweli, ilikuwa imetoka elfu kumi mpaka thelathini. Akatuambia asifute kitu. Binti alikuwa ameshafuta nusu ya mazungumzo kwa woga, na nusu hiyo ndiyo ilikuwa na vitisho vya mwanzo. Piga picha ya skrini, namba ionekane, tarehe ionekane, kisha umzuie mtu huyo. Na kama huwezi kwenda kituoni, kuna namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, haina gharama. Usiku, ukiwa peke yako na simu hiyo mbaya mkononi, simu hiyohiyo inapiga 116.

Siku hizi kuna msaada mwingine ambao wakati ule haukuwepo, unaitwa Take It Down, kwa picha iliyopigwa ukiwa chini ya miaka kumi na minane. Namna unavyofanya kazi ilinifurahisha. Huwapelekei picha. Picha inabaki kwenye simu yako, inatengenezewa alama, kama tuseme alama ya kidole cha picha ile, na alama hiyo tu ndiyo inayopelekwa kwa kampuni kama Facebook, Instagram na TikTok. Picha yenye alama hiyo ikijaribu kupandishwa huko, wanaikamata. Kwenye mazungumzo ya WhatsApp haifiki, kwa hiyo msidhani ni dawa ya yote. Huko WhatsApp dawa ni kidole chako wewe mwenye grupu.

Mniulize basi, aliyemtisha alikamatwa? Laini ilifuatiliwa. Lile jina la mwanamke lililokuwa linatokea kwenye simu yangu lilikuwa la bibi mmoja, mkoa wa mbali kabisa, mkulima, mwenye simu ya kitochi. Hakuwa na habari yoyote. Hakuwahi kuiona ile laini.

Mnakumbuka usajili wa alama za vidole? Ulianza Mei 2019, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Nchi nzima ilikuwa juani, vijana wa miavuli kila kona. Unaweka kidole, kijana anasema, "Haijasoma bibi, weka tena." Unaweka tena. Mara nyingi ilikuwa kweli haijasoma. Vidole vya mkulima vimesuguliwa na jembe. Lakini wapo waliosema haijasoma wakati imesoma, na kidole cha pili kikasajili laini ya pili, ikauzwa kwa mtu asiyetaka jina lake lionekane. Bibi yule alikuwa amekopesha kidole chake kwa tapeli wa watoto, bila kujua. Mimi nilisajili laini kwa msimu ule. Sikufanya hivyo, lakini nilikuwa najua wanaofanya, tulikuwa tunakula chips pamoja. Nilinyamaza. Ongezeni na hiyo kwenye orodha yangu.

Sijaja kuwatisha vijana waiogope simu. Yupo kijana wa hapa Muheza, mlimwacha kidato cha pili, anapiga picha lori la machungwa kabla halijaondoka, anaweka kwenye status, na mzigo unafika Dar umeshanunuliwa. Zamani dalali ndiye aliyekuwa anajua bei ya Dar, mkulima hajui. Sasa mkulima anauliza mwenyewe. Vitabu vya kiada Taasisi ya Elimu imeviweka mtandaoni, nanyi mna miezi saba ya kukaa nyumbani. Someni vya kidato cha tano kabla ya wenzenu. Ila bando likiwa dogo mtachagua TikTok, najua, na siwasemi. Hata mimi huingia kutazama mapishi, nikitoka saa mbili zimepita na sijapika.

Wazazi, mnapompa mwanao simu mwezi wa kumi na mbili, kabla ya kumtajia masharti, mwambieni sentensi moja, na muiseme kwa kinywa chenu: "Ukitapeliwa, au ukikosea, njoo kwangu kwanza, sitakupiga." Halafu msimpige. Akija na habari mbaya usiku, swali la kwanza lisiwe nani mwingine anajua. Na mkipokea ujumbe wa kitapeli, msiufute kimyakimya. Utumeni kwenda 15040, halafu mtaje namba iliyoutuma, ifungiwe kabla haijafika kwa jirani.

Nina dakika tatu. Keki isubiri. Naomba kila mzazi mwenye simu aitoe. Hata kitochi, hii inafanya kazi kwenye kitochi. Bonyezeni nyota, moja, sifuri, sita, reli, piga. Fuateni maelekezo mpaka mfike kwenye laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu. Vijana, shukeni mkawasaidie wazazi wenu, sasa ni ruhusa kushika simu hapa shuleni, Mkuu wa Shule asinitazame hivyo.

Mmefika? Someni. Mkiona namba msiyoijua, msimnong'oneze wa jirani. Nyosheni mkono juu, watu wote waone.

Mmoja, pale nyuma. Wawili. Mama mwenye kitenge cha njano, wa tatu. Mzee wetu wa bodi, ahsante baba, wa nne. Walimu je? Naona kule wanatazamana.

Haya, wa tano. Karibu mbele, Mkuu wa Shule, tuanze na yako.